Jibini Juu ya Meza: Kusoma Tawasifu ya Sonia Sotomayor Nikiwa Kampala

Dada yangu ana cheti cha uongozi. Amekibandika ukutani katika chumba tulichopanga Kampala, juu ya mahali tunapoweka sigiri, na moshi umeanza kukigeuza rangi. Alikipata baada ya mafunzo ya siku tatu yaliyoandaliwa kwa ajili ya mawakili vijana wanaotoka katika jamii ambazo hazina watu wengi katika taaluma ya sheria. Alistahili kualikwa. Sisi ni Walugbara wa Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Mama yetu anauza samaki wakavu sokoni, na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusimama mahakamani ila kizimbani. Dada ndiye wa kwanza kupata shahada ya sheria, wa kwanza kupita Law Development Centre, chuo kilichoanzishwa mwaka 1970 ambako wahitimu wetu wa sheria husomea uwakili kwa vitendo, na wa kwanza kuandikishwa kuwa wakili. Kutoka mafunzoni alirudi na cheti, kalamu, mfuko wa kitambaa na swali moja: "Sasa nani atanipa kesi?"

Muhula huohuo tulikuwa tukisoma tawasifu. Darasani tulianza na Shaaban Robert, kisha mwalimu akamwagiza kila mmoja achague tawasifu ya mtu wa nchi nyingine na kuihakiki kwa Kiswahili. Mimi nilichagua My Beloved World ya Sonia Sotomayor, iliyochapishwa mwaka 2013 kwa Kiingereza na pia kwa Kihispania kwa jina la Mi mundo adorado. Nilikichagua kitabu hicho kwa sababu ya dada. Sotomayor alizaliwa mwaka 1954 katika mtaa wa Bronx, New York, na wazazi waliotoka Puerto Rico. Tangu mwaka 2009 ni jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, wa kwanza mwenye asili ya Kilatino. Nilidhani nitapata humo jibu la kumpelekea dada jioni moja, kama mtu anavyopeleka mkate nyumbani.

Jibu nililolipata si lile nililolitarajia. Kitabu hiki husifiwa kuwa ni hadithi ya bidii: mtoto maskini aliyejituma hadi akafika juu. Mimi naona kwamba ushahidi ulio ndani yake unasema jambo jingine. Wakili kijana anayetoka pembezoni hukua kuwa kiongozi pale mtu anapomfunulia kanuni zisizoandikwa, anapokabidhiwa kazi yenye uzito, na anapoweza kukosea bila kufukuzwa. Bidii bila mambo hayo matatu ni kama kutwanga maji kinuni. Na kasoro kubwa ya kitabu, kwa maoni yangu, ni kwamba mwandishi anayaona mambo hayo, anayashukuru, kisha anayapita bila kuuliza ni nani mwenye wajibu wa kuyapanga.

Nianze na tukio linalofungua kitabu, kwa sababu ndilo linalotajwa zaidi. Sonia hajatimiza miaka minane, naye amegundulika kuwa na kisukari. Baba na mama wanagombana: nani atamchoma sindano ya insulini? Mikono ya baba inatetemeka kwa sababu ya pombe, na mama amechoka. Mtoto anaamua kujichoma mwenyewe. Anavuta kiti hadi kwenye jiko, anapanda juu yake, anachemsha maji ya kusafishia sindano.

Nilipolisoma mara ya kwanza niliandika pembeni: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Niliona kwamba mwandishi anatufundisha kujitegemea. Niliposoma mara ya pili nikaona nimeruka mtu. Mama yupo pale jikoni. Ndiye anayemwonyesha mtoto namna ya kuwasha moto, namna ya kusafisha sindano, namna ya kuvuta dawa. Hata tukio ambalo wasomaji hulitaja kuwa kilele cha kujitegemea lina mwalimu aliyesimama karibu na jiko, mwalimu aliyechoka lakini aliyekubali kumwachia mtoto kazi ya hatari na kuitazama inavyofanyika. Hicho ndicho kitendo cha kwanza cha malezi ya uongozi katika kitabu hiki, nacho kinafanywa na muuguzi mwenye zamu nyingi.

Muundo huo unajirudia kote. Baba anafariki Sonia akiwa na miaka tisa. Shuleni alama zake ni za kawaida. Basi anamwendea msichana mmoja hodari wa darasa lake na kumuuliza: wewe unasomaje? Msichana anamweleza jinsi anavyopigia mstari mambo muhimu na kuyarudia kabla ya mtihani. Jambo dogo, lakini hakuna aliyewahi kumwambia. Baadaye, sekondari, rafiki aliyemtangulia kwenda Princeton anamshauri aombe nafasi katika vyuo vikuu vya hadhi, ambavyo yeye hakujua hata kwamba vipo. Watu wetu husema kuuliza si ujinga, na kitabu hiki chote kinaweza kusomwa kama ufafanuzi wa methali hiyo. Hata hivyo methali haisemi neno moja muhimu: ili uulize, lazima awepo wa kuulizwa, na lazima ujue kwamba kuna jambo la kuuliza. Mtoto wa wakili hulelewa mezani pamoja na majibu. Mtoto wa muuza samaki hufika mahakamani bila hata maswali.

Sehemu iliyonigusa zaidi, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa lugha, ni ile ya Princeton. Sotomayor anafika huko mwaka 1972 na kugundua kwamba uandishi wake una kasoro. Mwalimu mmoja anamweleza chanzo: anaandika Kiingereza kwa mpangilio wa Kihispania, hasa anapounganisha nomino na sifa zake. Hakuwa mjinga. Alikuwa na lugha mbili, na moja ilikuwa ikimwelekeza mkono alipoandika nyingine. Baada ya kuelezwa hivyo, alitumia likizo zake kusoma vitabu vya sarufi na kujifunza msamiati. Mwaka 1976 alihitimu kwa heshima ya juu kabisa.

Nililazimika kukifunga kitabu hapo kwa muda. Dada yangu huandika maoni ya kisheria kwa Kiingereza huku akili yake ikitembea kwa Kilugbara, na wakati mwingine kwa Kiswahili cha soko la Arua tulichokulia. Katika ofisi anakofanya kazi, karatasi zake zilikuwa zikirudi na neno moja la wino mwekundu: "Lugha!" Neno hilo tu. Hakuna aliyemwambia ni lugha ipi, ni sentensi ipi, wala kwa nini. Kosa lenye jina husahihishika. Lisilo na jina humwingia mtu moyoni na kumwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye kosa. Mwalimu wa Princeton na mwenye wino mwekundu waliona karatasi za namna moja. Mmoja alimlea mwandishi wa karatasi, mwingine alimnyamazisha.

Suala hili kwetu si dogo. Katiba ya Uganda, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini mahakama zetu huendeshwa kwa Kiingereza. Majirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sidai kwamba kubadilisha lugha kunaondoa vizuizi vyote, kwani mtu anaweza kudharauliwa hata kwa Kiswahili. Ninachosema ni kwamba lugha ya mahakama ni mojawapo ya kanuni zisizoandikwa za uongozi. Tunapomwambia kijana "jiamini unapozungumza", tumeficha nusu ya ushauri. Ni rahisi kujiamini katika lugha uliyonyonya pamoja na maziwa ya mama.

Sasa nije kwenye uwakili wenyewe. Hapa ndipo kitabu kina nguvu kuliko tawasifu nyingi za wakubwa, kwa kuwa Sotomayor hafichi kushindwa kwake. Akiwa mwanafunzi wa sheria wa Yale, alifanya kazi ya likizo katika kampuni kubwa ya mawakili ya New York. Likizo ilipokwisha hakupewa ahadi ya ajira. Anakiri kwamba kazi yake ya maandishi haikuwa imefikia kiwango, na kwamba jambo hilo lilimuumiza. Mtu aliyekuja kuwa jaji wa mahakama ya juu kuliko zote nchini mwake anatuambia kwamba alijaribu na hakutosha. Katika mafunzo ya siku tatu dada hakusikia hadithi hata moja ya namna hiyo. Wazungumzaji wote walikuwa wamefaulu tangu wakiwa tumboni.

Kisha inakuja ile hadithi ya jibini, ambayo nimeiazima kwa ajili ya kichwa cha makala haya. Jioni moja Sotomayor anatoka maktaba ya Yale na kupita karibu na chumba chenye mkutano. Anachokiona kwanza ni chakula cha bure kilichowekwa mezani, jibini na vitu vyake. Anaingia kwa sababu ya jibini. Ndani wanazungumza mawakili wa utumishi wa umma, na mmoja wao ni Robert Morgenthau, mwendesha mashtaka mkuu wa Manhattan. Anakaa, anasikiliza. Baadaye wawili hao wanazungumza kidogo, mazungumzo yanazaa usaili, na usaili unazaa kazi. Mwaka 1979 anaanza kazi katika ofisi ya Morgenthau, na anakaa huko hadi mwaka 1984.

Tuangalie alichopewa katika ofisi hiyo. Hakupewa cheti. Alipewa mafaili. Alianza na kesi za makosa madogo, nyingi kupita kiasi, halafu akapanda hadi makosa makubwa. Aliposhindwa kesi mbili mfululizo, mkuu wake alikaa naye na kumweleza tatizo: alikuwa akipanga ushahidi kwa mantiki tupu, bila kuwafanya wazee wa baraza wahisi kwamba wana wajibu wa kimaadili wa kutoa hukumu. Alijirekebisha. Kurasa hizi chache zina mambo yangu yote matatu: kazi yenye uzito, ruhusa ya kushindwa, na mtu wa kulitaja kosa kwa jina lake. Kama ningeombwa kuandaa mafunzo ya uongozi kwa mawakili vijana, ningeanzia hapo.

Kuna tukio moja zaidi la kutaja kabla sijageukia kasoro. Akiwa Yale, Sotomayor alihudhuria chakula cha jioni kilichoandaliwa na kampuni ya mawakili ya Washington iliyokuwa ikitafuta vijana wa kuajiri. Mwenyeji mmoja alimuuliza kama angepata nafasi Yale lau asingekuwa Mpuerto Rico. Yeye alipeleka malalamiko chuoni, na mwishowe kampuni iliomba radhi. Msomaji wa Uganda hahitaji kueleweshwa swali lile. Tangu mwaka 1990 wasichana wanaoomba kuingia Chuo Kikuu cha Makerere wameongezewa alama moja na nusu, na mpaka leo nasikia utani kuhusu "wale wa moja na nusu". Jibu la Sotomayor, ambalo naliafiki, ni kwamba upendeleo ulimfungulia mlango lakini haukumfanyia mtihani. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hakujibu kwa kutabasamu. Alitumia utaratibu uliopo, akaandika, akasubiri, akapewa haki. Huo ni uongozi wa kiwakili, na aliufanya kabla hajawa wakili.

Pamoja na sifa hizo, nina manung'uniko mawili.

La kwanza linahusu binamu yake Nelson. Walikua pamoja kama pacha. Mwandishi anakiri kwamba Nelson alikuwa na akili kuliko yeye. Nelson aliingia katika heroini, akapata UKIMWI, na akafa kabla ya kutimiza miaka 30. Sotomayor anajiuliza kwa uchungu: kwa nini mimi na si yeye? Ni swali kubwa kuliko yote kitabuni. Anagusa tofauti ya malezi ya mvulana na msichana katika mtaa ule, jinsi wavulana walivyoachwa waende barabarani huku wasichana wakichungwa. Lakini hatimaye anaegemea sana kwenye nia na ustahimilivu wake. Mimi sitosheki. Kama Nelson alikuwa na akili zaidi na bado akaangamia, basi akili na nia si maelezo ya kutosha. Tungetaka kujua nani alimwendea Nelson, nani alimwambia kuna chuo, meza gani iliwekwa jibini njiani kwake. Tawasifu inamlilia Nelson kwa dhati, lakini haimtumii kama ushahidi dhidi ya hadithi ya bidii, ilhali yeye ndiye ushahidi mkubwa.

La pili ni mahali kitabu kinapoishia. Kinafunga mwaka 1992, Sotomayor anapothibitishwa kuwa jaji wa shirikisho baada ya kuteuliwa na Rais George H. W. Bush. Naelewa kwamba jaji aliye kazini hawezi kusema kila kitu. Lakini matokeo yake ni kwamba tunamwona kiongozi akipanda ngazi tu, hatumwoni akiwa juu. Watu waliomsaidia wamechorwa kwa upendo mwingi: José Cabranes, wakili wa asili ya Puerto Rico aliyemwonyesha kwa maisha yake kwamba jambo hilo linawezekana, Morgenthau, yule mbia wa kampuni yake aliyemsukuma ajaze fomu ya kuomba ujaji. Wote wanaonekana kama baraka zilizoshuka. Msomaji anafunga kitabu akiwa na shukrani, hana dai. Anajifunza kutarajia jibini, hajifunzi kuuliza kwa nini meza iwekwe jioni moja tu, katika chumba kimoja tu, katika chuo ambacho tayari ni cha wachache.

Nilimpa dada kitabu baada ya kukimaliza. Alikisoma kwa wiki mbili ndani ya teksi, asubuhi na jioni. Aliponirudishia alisema, "Mdogo wangu, huyu mama alikuta jibini. Mimi nilipewa soda na cheti."

Nilicheka, kisha nikamwomba anieleze vizuri yale mafunzo. Walifundishwa namna ya kushikana mikono. Walifundishwa mavazi. Walifundishwa kuandika wasifu wa kazi. Na siku ya mwisho kila mmoja alitakiwa kusimama mbele ya wafadhili na kusimulia "safari yake" kwa dakika mbili. Dada alisimulia samaki wa mama. Watu walimpigia makofi, mmoja akafuta machozi. "Nikajiona kama nimemuuza mama pamoja na samaki," aliniambia.

Hapa naona tofauti kubwa kati ya kitabu na mafunzo, nayo ni tofauti ya kifasihi. Sotomayor naye anasimulia umaskini, lakini amejipa nafasi ya kutosha. Kuna nyumba ya bibi yake siku za Jumamosi, wageni wamejaa, chakula, muziki, mashairi yanasomwa. Kuna ensaiklopidia ambazo mama alizinunua kwa kujinyima. Kuna ulevi wa baba, na kuna upole wa baba. Katika jina la kitabu neno "ulimwengu" linastahili kuwepo, kwa sababu kweli ametupa ulimwengu, na ni ulimwengu aliojifunzia mambo. Katika dakika mbili haiwezekani kutoa ulimwengu. Inawezekana kutoa huruma tu. Programu inayomtaka kijana alipe kiingilio kwa kuonyesha ufukara wake imemwambia kwamba kule alikotoka hakuna alichojifunza. Lakini dada alijifunza kubishana sokoni, kupima neno la mteja, kunyamaza mnunuzi anapotaka kukuudhi. Hakuna aliyemuuliza habari hizo.

Nisiwe mkali kupita haki. Mafunzo yale hayakuwa bure kabisa. Dada anasema sasa anaweza kuzungumza bila kutazama viatu vyake. Huko pia alikutana na wakili kijana kutoka Karamoja, na mpaka leo wanaazimana vitabu na kupigiana simu mmoja anapokwama. Naamini pia walioyaandaa walikuwa na nia njema. Tatizo ni kwamba nia njema iliishia langoni mwa hoteli. Jumatatu dada alirudi katika ofisi ileile, isiyomlipa mshahara wala nauli. Nauli hutoka kwa mama, kwa simu, kila Jumapili jioni. Ndiyo maana nauliza, kwa faida ya wote wanaopanga mafunzo kama hayo: siku ya nne, nani atampa huyu kijana faili? Nani atakaa naye anapokosea na kulitaja kosa? Nani atalipa nauli yake mpaka ajifunze? Asiye na jibu la maswali hayo anaandaa sherehe. Kuna ubaya gani kuiita sherehe?

Nimalizie na jambo lililotokea nikiwa naandika rasimu ya makala haya. Ijumaa moja wakili mkuu wa ofisi ya dada alikwama safarini, na kesi ilikuwa imepangwa asubuhi hiyo mbele ya hakimu. Hakukuwa na mwingine. Dada akatumwa kwenda kuomba iahirishwe. Kazi ndogo kabisa, sentensi nne. Alisimama mahali pasipostahili, na karani mmoja mzee wa mahakama akamnong'oneza asogee. Akasogea, akasema sentensi zake nne, hakimu akapanga tarehe nyingine. Jioni alirudi nyumbani akiwa bado amevaa suti, akaanza kusonga ugali hivyohivyo, akinieleza mara tatu namna hakimu alivyoinua macho.

Usiku huo alichukua daftari na kuandika: mahali pa kusimama; nani wa kusalimiwa kwanza; mafaili huitwa saa ngapi hasa, si saa iliyoandikwa kwenye orodha; maneno ya kuombea kesi iahirishwe; karani gani ana subira. Tangu siku hiyo ameongeza kurasa. Ameandika pia makosa ya lugha, kila moja na jina lake, kwa kuwa sasa mimi na yeye hukaa Jumamosi tukizipitia karatasi zenye wino mwekundu hadi tuione sentensi yenye kasoro. Mara nyingi kosa ni lilelile la Sotomayor: lugha ya nyumbani imepanga maneno, Kiingereza kimeyavaa tu.

Sijui kama dada atakuwa jaji. Bado halipwi, na juzi alitaja kurudi Arua. Nilipomwambia kwamba kile anachokiandika ndicho uongozi ninaoutafuta katika makala yangu, alisema niache maneno makubwa, nimpe kalamu. Cheti bado kiko ukutani juu ya sigiri. Daftari halipo: yule mwenzake wa Karamoja amepangiwa kwenda mahakamani Jumanne kwa mara ya kwanza, naye ameliazima.